Ntambo si Mtambo

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nimesimama uani kwa Bibi Skolastika pale Mbinga mjini, katikati ya wanawake wawili wanaonitazama mimi tu, na ulimi wangu huu unaousikia ukiropoka kila siku umeganda kama ugali wa jana. Kigingi cha wapima ardhi kilikuwa kimepigwa katikati ya mibuni ya bibi, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu. Kila mmoja wa wale wawili alikuwa anamwona mwenzake mwongo. Na mwongo nilikuwa mimi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikianzia hapo utadhani nilizaliwa mhalifu.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Serikali imelegeza, kila kitu kinauzwa na kila mtu anauza. Sabuni tuliyokuwa tunaipangia foleni, sasa yenyewe inakutafuta mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, darasa la saba, na hilo la saba nililikalia karibu na dirisha. Nilitoka kwetu Kihagara, ziwani, nikapanda milima kuja Mbinga kuuza mitumba. Mdomo nilikuwa nao, mwanangu. Niliweza kumvisha mzee mzima koti la kike, nikamwambia ndilo wanalovaa madiwani wa Ulaya, na akaondoka anatembea kwa maringo. Watu walikuja mezani kwangu kucheka, wakimaliza kucheka wananunua.

Basi akaja Mwalimu Rukia. Mtu wa Tanga, mwembamba, mtandio kichwani, anafundisha chuo kikuu huko Dar es Salaam. Alikuwa anatafuta udaktari, si ule wa sindano, ule wa kuandika. Na alichokuwa anaandika ni historia ya miji midogo: nani alijenga wapi, soko lilihama lini, mtaa ulipataje jina. Tena hakutaka historia ya kufungiwa kabatini. Alitaka akimaliza aibandike ukutani, kwenye ukumbi wa parokia, watu wa mji waje waisome wenyewe na kusema hapa kweli, hapa hapana. Huko chuoni walimcheka. Aliniambia siku moja tukinywa chai.

"Waliniuliza, Rukia, hiyo Mbinga nayo ni mji, au ni stendi yenye kanisa?"

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia nitawaletea jibu. Nisipolileta, Edmundi, mimi pale chuoni sina changu tena."

Hakuwa anatania. Yeye alikuwa hajui kutania, ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kumdanganya.

Alihitaji mkalimani. Wazee wengi, hasa akina mama, Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni na cha kusalia. Ukiwauliza mambo ya babu zao, wanarudi zao kwenye Kimatengo. Akaja mezani kwangu akauliza, "Kijana, Kimatengo unakijua?"

Mimi Mnyasa, mwanangu. Kimatengo changu kilikuwa cha kuuzia suruali: njoo, jaribu, imekukaa, usiende. Nikamjibu, "Mwalimu, Kimatengo naota nacho." Vijana wa meza ya jirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye akadhani ndivyo tunavyofurahia wageni.

Tukazunguka naye majuma mengi. Anabeba redio yake ya kurekodia, mimi nabeba begi la kaseti. Usidhani nilikuwa mbovu kabisa, mengi niliyapata. Nisipopata, nilikuwa natazama uso wa mzee. Akikunja uso, nasema palikuwa na njaa. Akicheka, nasema palikuwa na harusi. Mwalimu anaandika.

Ndipo tukafika kwa Bibi Skolastika. Mjane, mfupi, mgongo umenyooka kama wa askari. Alikaa jirani na ghala la kahawa la ushirika, ana nyumba mbili, na mibuni yake inateremka mpaka kijitoni. Mwalimu akasema, "Muulize hapa palikuwa na nini, kabla mji haujafika."

Bibi akaongea muda mrefu. Akanyoosha mkono ghalani, akaushusha mpaka kijitoni, akauzungusha mpaka kijito cha upande wa pili. Kati ya maneno yote yale nilidaka moja tu, ntambo. Alilirudia kama mara sita.

Silijui. Nilichotakiwa kusema ni kifupi sana: Bibi, ntambo ni kitu gani? Lakini wale vijana wa sokoni walikuwa wamenifuata siku hiyo, wamekaa juu ya ukuta wa ghala wanasubiri kituko. Na Mwalimu ameshikilia kalamu juu ya karatasi.

"Anasema hapa palikuwa na mtambo," nikasema.

Mwalimu akainua kichwa. "Mtambo? Mtambo wa nini?"

"Wa kahawa, Mwalimu. Wa ushirika. Wa kumenyea. Anasema ulikuwa unanguruma mpaka kuku wakaacha kutaga."

Vijana walianguka ukutani kwa kicheko. Mwalimu Rukia naye akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue, akaandika yote, na kuku akawaandika. Bibi alituona tunacheka akacheka na yeye, akatupa ndizi mbivu tukaondoka nazo.

Sasa angalia mambo yalivyokwenda. Ushirika ulikuwa umeyumba, wanunuzi binafsi wa kahawa wamepanda na malori yao, na lile ghala likauzwa kwa mmoja wao. Ghala pamoja na eneo lake. Ila eneo lake linaishia wapi, hakuna aliyekuwa na hakika, karatasi za zamani hazionekani. Mwalimu wakati huo yuko ukumbini anabandika maonyesho yake yatakayofunguliwa Jumamosi, picha, majina ya mitaa, na ramani kubwa ya mji kwenye karatasi za manila, ameichora kwa kalamu za rangi. Bwana Ardhi, ambaye ndiye aliyetakiwa kuupima mpaka wa ghala, akapita kuangalia. Mtu wa Musoma, mpole, hakuwa na ubaya na mtu. Akasimama mbele ya ramani. Juu kabisa ya paa la Bibi Skolastika palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko mzuri wa chuo kikuu: Mtambo wa zamani wa ushirika.

Akatoa kalamu, akanakili. Kesho yake vigingi vikafika.

Sasa umeielewa ile Jumanne.

Bibi alikuwa ameshika jembe, hajalinyanyua, amelishika tu. "Nani kasema hapa pana mashine?" aliuliza kwa Kiswahili chake. "Nani?"

"Bibi, shikamoo," Mwalimu akasema. "Ni wewe mwenyewe ulituambia."

"Mimi? Mimi niseme mashine? Mimi nilisema ntambo!"

"Ndiyo bibi, mtambo! Ndivyo nilivyoandika!"

"Andika ntambo!"

"Nimeandika mtambo, bibi, twende ukaone!"

Wanasema neno moja, mwanangu, na wanagombana! Wapita njia walishaanza kujaa. Bibi akatupa jembe, akanyoosha mkono ghalani, akaushusha kijitoni, akauzungusha mpaka kijito kile kingine, na safari hii nikauona mkono unachosema. Ardhi. Alikuwa anasema habari ya ardhi yake, tangu siku ya kwanza. Jasho likanitoka mahali ambapo sikujua kwamba mtu anatoka jasho.

"Edmundi," Mwalimu akaniambia, sauti imeanza kukatika. "Muulize kwa lugha yake. Taratibu. Amesahau, au mimi ndiye niliyekosea?"

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Ningepita. Nikamgeukia Mwalimu, nikamnong'oneza bibi asisikie, "Uzee, Mwalimu. Kumbukumbu zinamchezea." Kisha nikamgeukia bibi, nikamwambia kwa kile Kimatengo changu cha suruali, "Anasema atafuta. Jumamosi utakuta amefuta."

Bibi akanishika mkono, akanishukuru. Ule uongo wa kwanza ulikuwa utoto. Huu wa pili niliusema nikiwa nimeshaelewa, na ndio ambao mpaka leo nikiukumbuka natafuta kitu cha kushika.

Siku ile ile nilikunja godoro langu nikaenda sokoni kumtafuta Mjomba Habili. Huyu ni kaka wa mama, alikuwa analeta usipa, wale dagaa wa kwetu, kutoka ziwani kwa lori na kurudi na mahindi. Nikamkuta anakung'uta magunia.

"Shikamoo, mjomba. Nashuka na wewe leo."

"Marahaba. Umeua?"

"Sijaua."

"Basi umempa binti wa watu mimba."

"Mjomba!"

"Sasa godoro la nini? Mtu haendi kusalimia mama na godoro."

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kukung'uta magunia, magamba yananirukia usoni. Nilipomaliza akasimama.

"Ntambo hulijui?"

"Silijui, mjomba."

"Mimi hapa nanuka samaki, nakuja huku mara mbili kwa mwezi, nalijua! Ni ardhi ya ukoo, we mpumbavu. Mgongo wa mlima, kijito huku, kijito kule. Babu anakaa juu, watoto wanagawana kuteremka. Ukimwambia Mmatengo hana ntambo, umemwambia hana baba. Wewe umeenda kumwandikia bibi wa watu kwamba kwao ni kiwandani."

"Sikujua lile neno."

"Kutojua neno si kosa. Hata wamisheni walikuja hapa hawajui kuomba maji. Wewe kosa lako ni kwamba ulijua kwamba hujui, ukaendelea kupiga mdomo." Akatupa godoro langu juu ya mahindi, akafungua mlango wa mbele. "Haya, panda. Mama yako atakupikia, utakula, utalala vizuri. Na Jumamosi yule mwalimu atasimama mbele ya wakubwa wake na kusoma upuuzi wako kwa sauti, na bibi atatolewa kwake. Panda basi! Unangoja nini? Nikubebe mgongoni?"

Dereva akawasha gari. Miguu yangu ilikataa. Mjomba alinitazama mpaka akachoka, akafunga mlango, lori likaondoka. Godoro lilishuka ziwani peke yake.

Utasema, si ungemwendea Mwalimu siku ile ile ukamwambia pembeni? Nilikwenda, mara tatu. Jumatano nikamkuta anapanga viti. Alhamisi anaandika hotuba. Ijumaa nikamkuta amekaa chini ukumbini, analia kwa furaha, maana profesa wake, yule anayemsimamia, alikuwa amewasili kwa basi, amezunguka kuta zote, amesema kazi ni nzuri. Nikamwuliza kama anataka chai. Akasema ndiyo. Nikaleta chai.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mbele amekaa profesa, mtu mzima, miwani minene. Pembeni yake Bwana Ardhi na faili lake, na yule mnunuzi wa ghala amekunja mikono. Bibi Skolastika alikaa karibu na mlango, kajifunga khanga mpya. Kusoma hajui. Aliiona ramani palepale ilipo na herufi zilezile, akaamini neno la mashine limeshafutwa. Aliponiona alinipungia mkono.

Mwalimu Rukia alianza vizuri. Akaeleza soko, akaeleza barabara, watu wanaitikia, wengine wanasema "kweli, kweli." Akafika ghalani. Akaweka kidole juu ya nyumba ya bibi. Bwana Ardhi akafungua faili.

Nikasimama. "Mwalimu, nilikudanganya."

Ukumbi mzima ukacheka! Wananijua, muuza mitumba, kimeanza kituko. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Edmundi, leo unauza koti gani?" Wakacheka tena. Hapo ndipo nilipoonja nilichokuwa nimekipika miaka yote. Nilikuwa nasema kweli na hakuna wa kuiamini.

"Kaa chini, Edmundi," Mwalimu akasema kwa upole. "Si leo."

"Kimatengo sikijui, Mwalimu. Nilibahatisha. Bibi hakusema mtambo, alisema ntambo, na mimi ntambo nilikuwa silijui. Mashine niliitunga. Ushirika niliutunga. Jumanne bibi hakuwa amesahau kitu, mimi ndiye niliyesema amesahau."

Kicheko kikafa, kwanza mbele, kisha nyuma. Mwalimu alinigeukia, kidole bado kiko kwenye ramani.

"Na kuku?" akauliza.

"Na kuku."

Profesa alivua miwani. Mwalimu akauliza, kwa sauti ndogo, "Ni kaseti hii tu, au?"

Ningesema hii tu, mwanangu, angepona. "Sijui, Mwalimu," nikasema. "Zipo nyingi nilizobahatisha. Sijui ni zipi."

Nilidhani atalia, au atanizaba kofi, na nilikuwa nimeshapanga shavu. Akageuka, akabandua ramani ukutani mbele ya profesa wake, akaigeuza upande mweupe, akaitandaza sakafuni na kupiga magoti. "Naombeni," akawaambia watu, "mtu anieleze ntambo ni nini."

Walimwendea watu arobaini kwa mpigo. Kila mtu anaongea, huyu anataja kijito, yule anasema hapana, kijito kiko huku. Wazee wawili karibu wapigane juu ya mti wa mpaka uliokatwa zamani. Bibi Skolastika alikuja akapiga magoti na yeye, akashika mkono wa Mwalimu ulioshika kalamu, akauburuta kutoka ghalani mpaka kijitoni, na kuurudisha. Bwana Ardhi akasogea, akainama, akauliza babu wa bibi aliitwa nani na majirani zake ni nani. Majirani wakajitaja hapo hapo, mmoja mmoja, kwa kusimama. Yule mnunuzi akatoka nje kuvuta sigara.

Vigingi viling'olewa juma lililofuata. Lakini Mwalimu alirudi Dar es Salaam bila udaktari. Profesa alimwambia kazi yote irudiwe, kaseti moja moja, na mkalimani mwingine. Nilimfuata stendi nimembebea begi. Nilianza kuomba msamaha, akanizuia kwa mkono. "Kukutukana sitakutukana, Edmundi. Nina miaka miwili ya kurudia." Akapanda basi. Akairudia kweli, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa Kimatengo, na leo ni profesa anayesimamia wengine.

Bibi Skolastika yeye hakunisamehe kwa mdomo. Alikuja sokoni akanikabidhi jembe. "Ntambo huujui. Njoo uujue." Akanipeleka kwenye mteremko wake wa chini nichimbe ngolo, yale mashimo ya Wamatengo ya kulimia mlimani. Na kwa desturi yao wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza, kuchimba ni kwa wanawake. Basi nikachimba katikati ya akina mama, msimu mzima, Mnyasa mimi niliyezoea kasia, nao wananiuliza kila asubuhi kama kuku wameanza kutaga. Nilipomaliza mteremko ule Kimatengo nilikuwa nakijua.

Miaka ilipita, mtu akaniletea kitabu cha Mwalimu Rukia, akanisomea mahali penye jina langu. Ameniandika kwamba mkalimani alikosea, na kwamba alisimama akasema. Yote mawili, mstari mmoja. Nilimwambia arudie kusoma, kisha nikamwambia afunge.

Sasa wewe, mwanangu, unakwenda chuo, unataka kuwa mtu wa kuandika miji na watu wake. Vizuri. Nakuambia hivi. Neno usilolijua, uliza palepale, hata kama watu wamekaa ukutani wanasubiri kucheka. Aliyekutafsiria, mwulize na jirani yake. Ukishaandika, warudishie wenyewe wakusomee kabla hajaja mtu na vigingi, maana unachochora kwa kalamu ya rangi kuna mtu analala ndani yake. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, usingoje viti vijae kama nilivyongoja mimi. Utani ubaki nao, mimi wangu ninao mpaka leo. Ila kinachomhusu mtu kwao, usikitanie.

Nenda sasa. Wazee wakukaribishe ndani na kukuambia yale wasiyowaambia wapita njia. Mungu akupe masikio mazuri kuliko mdomo wa baba yako huyu, na siku utakayolazimika kusema "sijui" mbele ya watu, akushike usitetemeke.